Siku Tuliyoivuta Nyumba ya Sandalio

Nyumba ilipoinama, watu walipiga makofi.

Walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa nyasi chini ya kanisa, wageni wa kiangazi na kofia zao, watoto mabegani kwa baba zao, na walipoiona ile nyumba ya mbao ikilalia ubavu wa kulia, polepole, kama mtu mzima anayetafuta pa kuketi, walidhani ndivyo ilivyopangwa. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema, "Angalieni, inatusalimia!" Maksai walikuwa wamesimama, mate yakiwachuruzika. Chini, mchangani, mzee Sandalio Chiguay alikuwa amenyoosha mkono mmoja kuelekea ukuta wa nyumba yake, kiganja wazi, kama anayemzuia mtoto asishuke ngazi peke yake.

Onyesho lile nililitengeneza mimi. Kwa hiyo nilijua, kabla ya wote waliokaa pale, kwamba hapakuwa na mahali popote ndani yake ambapo nyumba huinama.

Enzi hizo kazi yangu haikuwa na jina ambalo mtu angeweza kulibandika mlangoni. Mama yangu aliiita "vituko vya Nolfa." Sikuwa na mwajiri. Nilizunguka visiwa vya Chiloé kwa feri na kwa mabasi ya vijijini, begani nimening'iniza begi la sindano za magunia na nyaya, na watu waliniita kwa wiki kadhaa kisha wakaniaga: shule, parokia, kamati ya maji, mara mojamoja manispaa. Nilikaa majikoni mwao, karibu na jiko la kuni, nikisikiliza hadithi za ardhi yao. Halafu kwa fito za mwerebi, sufu na magunia ya viazi tulitengeneza wanyama wakubwa wa kubebwa na watu, tukatembea nao kuufuata mto, au ukingo wa msitu, au mashamba ya viazi vya zamani ambavyo vijana walikuwa hawavijui tena kwa majina. Mahali pamoja tulikifanyia matanga kijito kilichokauka, na jeneza, na waimbaji, na kahawa. Waliokuja kucheka ndio walioondoka wakipangusa macho, na mwaka uliofuata wakapanda miti kandokando yake. Niliiamini kazi ile. Bado naiamini, ila si kwa moyo mwepesi wa wakati ule.

Pulquín waliniita kwa sababu ya maji. Juu ya kijiji kuna pampa, kinamasi kipana kilichofunikwa na pompon, mmea laini kama sufu ambao hunywa mvua ya miezi ya baridi na kuitoa tone kwa tone wakati wa kiangazi. Vijito vyote vya Pulquín vinatoka huko. Walipokuja wanunuzi na malori, wakisema bustani za maua za nchi za mbali zinautaka mmea ule mkavu kwenye magunia, watu waliuza. Siwalaumu. Ilikuwa miaka mibaya, samaki wa kufugwa walikuwa wamekufa na viwanda vimefungwa, na hapa palikuwa na mtu anayelipia kitu kilichoota chenyewe. Kipande kwa kipande pampa ikanyolewa. Kiangazi kilichofuata visima vikawa tope, na gari la maji la manispaa likaanza kupanda kilima likipiga honi, wanawake wakitoka na ndoo.

Kipande cha katikati tu ndicho kilichobaki, nacho kilikuwa cha mzee Sandalio.

Alikuwa mfupi, mkavu, mpiga kodiani wa arusi na wa sikukuu za mtakatifu, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko shoka lake. Wanunuzi walipomfuata alikuwa akiwakaribisha, akiwapa mikate ya viazi, akiwasikiliza hadi mwisho, kisha akiwauliza kama wao wanaweza kumuuzia ini lao. Lakini nyumba yake ilikuwa chini, karibu na pwani, na pampa ilikuwa juu. Akiwa misani, akiwa shambani, akiwa anakamua ng'ombe, wezi walipanda na mikokoteni na kung'oa.

"Nikiwafukuza upande huu wanang'oa upande ule," aliniambia siku ya kwanza nilipokaa jikoni kwake. "Magoti yangu yameshakataa kupanda. Sasa nyumba ndiyo ipande."

Kwetu hilo si jambo la ajabu. Nyumba zetu ni za mbao, zimeketi tu juu ya mawe, na mtu akitaka kuhama huhama nayo. Huwekewa magogo mawili marefu chini, majirani huleta maksai wao, minyororo hufungwa, na nyumba nzima huburutwa pamoja na moshi wake kupita mashambani, hata baharini ikibidi. Hiyo ndiyo minga. Ila miaka ilikuwa imepita bila mtu yeyote wa Pulquín kuifanya kwa haja ya kweli. Maksai walikuwa wamepungua, vijana wamekwenda kusini, na mwenye minga ni lazima awalishe wote waliokuja kumvutia, wakati Sandalio alikuwa na kondoo wachache tu na pipa la pombe ya matufaha.

Mimi ndiye niliyeiona njia. Manispaa ilikuwa inataka tukio la wiki ya kiangazi, jambo la utamaduni na la mazingira, walisema, na walikuwa tayari kugharimia chakula. Kwa nini tutengeneze mchezo wa kuigiza juu ya ardhi, wakati hapa kuna mzee anayetaka kwenda kuilinda yake?

"Nyumba yangu ni nyumba, Nolfa," alisema Sandalio. "Si gwaride."

"Itabaki nyumba, mzee. Itakwenda unakotaka wewe. Mimi nitaweka ndama mbele yake, basi."

"Na hao jamaa watapika?"

"Watapika. Shimo kubwa la curanto, mawe ya moto chini, juu yake nyama, kome, viazi, kila kitu."

Akageuza ukuni ndani ya jiko. "Basi na waje. Ila yule atakayeniambia nitabasamu, nitamfunga nira."

Ndama niliyemtaja ni camahueto. Baba yake Sandalio alikuwa akisema kwamba yuko chini ya pampa, ndama wa pembe moja anayekulia ardhini miaka na miaka, akinywa maji ya mizizi, mpaka siku ya tufani anapoipasua nchi na kukimbilia baharini. Na pale alipopasua ndipo panapokuwa mto. Nilimtengeneza nyuma ya kanisa, mkubwa kama boti, mifupa ya mwerebi, ngozi ya sufu ambayo wanawake wa kijiji waliisokota na kuitia rangi kwa magome. Jioni moja Sandalio alikuja, akamzunguka, akainama kumtazama usoni.

"Macho haya umeyatoa wapi? Huyu si ndama. Huyu ni diwani aliyeshindwa uchaguzi."

Niliyabadilisha macho. Aliporudi akasema, "Sasa ameshinda," nikajua ameridhika.

Minga huombwa. Mtu hakodi watu wala hatangazi, huenda mlango kwa mlango, kofia mkononi, na kusema, "Nimekuja kukuomba." Aliyeombwa hujibu, na ni nadra sana kukataa. Lakini asiyeombwa haji. Kuja bila kuombwa ni kumtukana mwenye nyumba mbele ya watu, ni kumwambia hajui kuishi na wenzake. Kwa shughuli hiyo Sandalio alivaa koti lake jeusi la sufu, lililotengenezwa na marehemu mkewe Uberlinda, akatembea Pulquín nzima, nami nikafuatana naye. Kila nyumba tulipewa kiti na kikombe. Kila nyumba walisema ndiyo. Vicheko vilikuwa vingi, maana wazee walikuwa wamefurahi kuombwa kitu wanachokiweza.

Tulipofika kwenye lango la Baldomero Mansilla, Sandalio alipita bila kugeuza shingo.

"Na hapa, mzee?"

"Hapa hapakai mtu."

Moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba, na mbwa alikuwa anatikisa mkia akimtazama Sandalio kama amtazamavyo mtu wa nyumbani.

Habari hiyo niliipata kwa wanawake waliosokota sufu. Baldomero na Sandalio walikuwa wamelelewa pamoja. Baldomero ndiye aliyemshika Jovita, binti pekee wa Sandalio, siku ya ubatizo wake. Wanunuzi walipokuja, Baldomero aliuza kipande chake cha pampa, kile kilichokuwa juu ya kisima cha Sandalio. Kiangazi kilichofuata Uberlinda alifariki. Siku hiyo kisima kilikuwa na tope, na Sandalio alisimama barabarani na beseni kulisubiri gari la manispaa, ili apate maji ya kumwoshea mkewe. Baldomero alipokuja matangani na kondoo, kama ilivyo ada, Sandalio hakumtukana wala hakumfukuza. Alimwacha kondoo amefungwa langoni mpaka Baldomero akamfungua mwenyewe na kurudi naye.

Sasa njia nzuri ya kutoka pwani hadi pampa ilipita katikati ya malisho ya Baldomero: fupi, kavu, yenye mteremko wa taratibu ambao maksai hawauogopi. Njia ya pili ilizunguka: nyumba ishuke ufukweni maji yakiwa yamekupwa, ipite kwenye mchanga kuizunguka rasi, kisha ipande kwenye barabara ya kanisa kabla maji hayajajaa. Sandalio aliichagua ya pili. Wenye maksai walitazamana. Mimi nilitazama ufukwe, ukingo wa nyasi ambapo watu wangekaa, kanisa kwa nyuma, bahari kwa mbele, na ndani yangu nikafurahi. Ilikuwa nzuri kwa macho, na kuona kwa macho ndiyo kazi niliyoifanya siku zote.

Asubuhi ya siku yenyewe hapakuwa na mvua, jambo ambalo kwetu watu hulitaja kwa sauti ya chini. Nilikuwa nakwenda kanisani kuwapanga wabeba ndama nilipopita kwa Mansilla, nikasimama.

Uzio haukuwepo. Waya zilikuwa zimekunjwa mviringo na kuegemezwa ukutani, nguzo zimeng'olewa na kulazwa pembeni, mashimo yamefukiwa ili mnyama asivunjike mguu. Kutoka chini mpaka juu malisho yalikuwa wazi. Nyuma ya ghala walisimama maksai wake wawili wekundu, nira shingoni, wanacheua. Baldomero alikuwa ameketi juu ya gogo, amevaa shati jeupe, kofia juu ya goti. Alikuwa mtu mkubwa, mzito wa maneno.

"Umeamka mapema, mzee Baldomero," nilisema.

"Maksai wameshakula," alijibu. Alitazama chini kuelekea pwani, si kunitazama mimi. "Sijaombwa. Lakini wameshakula."

Nilikimbia. Nilishuka kile kilima kama msichana. Sandalio alikuwa nje ya nyumba yake, ambayo tayari ilikuwa imepanda juu ya magogo, madirisha yamefungwa kwa mbao, bado ina moshi, maana yeye alikuwa amekataa nyumba ivutwe jiko likiwa baridi. Alikuwa anakagua mnyororo. Nikamwambia nilichokiona.

Hakuinua kichwa mara moja. "Uzio ameutoa mwenyewe?"

"Mwenyewe. Wote. Mpaka mashimo ameyafukia."

"Amevaaje?"

Swali lile sikulitarajia. "Shati jeupe."

Aliuachia mnyororo. Alijipangusa mikono kwenye suruali, mbele, nyuma, akakitazama kile kilima kwa muda. Kisha akasema, "Ngoja nivae koti," akapanda ngazi ndogo tuliyoiegemeza mlangoni, akaingia ndani.

Nimeirudia dakika ile kichwani mwangu kuliko nyingine yoyote niliyopewa maishani. Kutoka mlango ule hadi langoni kwa Baldomero si mbali. Mtu angeweza kwenda na kurudi kabla sufuria haijachemka. Lakini ndipo mabasi ya wageni yalipofika. Ndipo bendi ya shule iliposhuka na ngoma zake. Mtangazaji wa manispaa, kijana mchangamfu mwenye skafu ya kijani, akawasha kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari dogo, na sauti yake ikajaa pwani nzima. Sandalio alipotokea mlangoni, koti jeusi limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, palikuwa na umati chini ya ngazi, kamera zimeinuliwa, na watu wakapiga kelele za furaha.

"Huyu hapa, mabibi na mabwana! Mzee wetu! Mlinzi wa maji yetu! Shuka, mzee, usiwe na haya!"

Alishuka. Mtangazaji akamshika mkono, wanawake wawili wasiomjua wakambusu mashavuni, mtu akampa bilauri. Niliona akigeuza uso kuelekea kilimani, juu ya vichwa vya watu. Nikajipenyeza, nikamfikia yule kijana, nikamwambia sikioni, "Tumpe nafasi kidogo. Ana mtu wa kumwona." Akatikisa kichwa kwa adabu, akanionyesha bahari. Wenye maksai nao walikuwa wanaita, "Maji yanageuka! Twende, Sandalio, ama tusiende kabisa!" Bendi ikapiga. Nilikuwa nimeiomba mimi ile bendi. Nilikuwa nimepanga kila kitu cha siku ile, wimbo, njia, mahali pa kukaa watoto, ila sikupanga nafasi ya mzee mmoja kutembea kidogo kwenda kwa jirani yake.

Sandalio akairudisha bilauri. Akasimama mbele ya maksai, akainua fimbo yake, akatoa ile sauti ya kuvuta ambayo vijana walikuwa hawajawahi kuisikia, ndefu, inayoanzia tumboni. Minyororo ikakaza. Nyumba ikaondoka.

Sitasema haikuwa nzuri. Ndama alikwenda mbele akicheza, sufu yake ikipepea, na nyuma yake maksai wawiliwawili, na nyuma yao nyumba, moshi ukichora mstari mwembamba juu ya bahari. Wazee walikuwa wanalia waziwazi. Mtu aliniambia, "Nolfa, umeturudishia kitu." Nami nililipokea neno hilo na kulificha moyoni.

Baada ya rasi, pale ambapo zamani kijito kikuu cha Pulquín kilimwagika baharini, mchanga ulikuwa mkavu juu na uji chini. Gogo la kulia likazama. Maksai walivuta, gogo likalia kama mlango, likapasuka katikati. Ndipo nyumba ilipoinama, na ndipo makofi yalipopigwa.

Yaliisha taratibu, jinsi watu walivyoanza kuelewa. Nilikuwa tayari naserereka kwenye nyasi kushuka. Chini, wanaume walikuwa wanachimba kwa majembe na kwa mikono, wengine wanatafuta miti ya kuinulia, na maji yalikuwa yanakuja, bila wimbi, ulimi mwembamba baada ya ulimi mwembamba, kama yanavyokuja siku zote. Yalifika kwenye magogo. Yalifika kwenye vifundo vya maksai, nao wakaanza kuogopa. Muziki kutoka kwenye lile gari ulikuwa bado unaendelea. Nadhani hakuna aliyekumbuka kuuzima.

Kisha watu wakapisha. Baldomero Mansilla alikuwa anakuja kwenye mchanga na maksai wake wekundu, shati jeupe limelowa jasho. Alikuwa amewakimbiza kuanzia juu. Alifika ukingoni mwa maji, akasimama. Hakuongeza hata unyayo mmoja.

"Niombe!" alipaza sauti. Sauti yake ilikuwa inakatika. "Niombe, Sandalio! Niombe sasa, jamani!"

Sandalio alikuwa ndani ya maji hadi magotini, bega lake limekandamizwa kwenye ukuta wa jikoni. Akageuka. Akavua kofia, ikiwa inachuruzika, akaishika kwa mikono miwili mbele ya koti.

"Nimekuja kukuomba," alisema, ingawa hakuwa amekwenda popote.

"Nimeombwa," alisema Baldomero, akaingia majini na maksai wake.

Waliwafunga maksai wale wekundu mbele ya wengine wote. Wazee wale wawili wakavuta wakipokezana sauti, kama walivyovuta nyumba za watu wengine ujanani mwao, na kwa kitambo nyumba ilijiinua kabisa, nasi tukapiga kelele. Halafu gogo la pili likakatika. Ukuta wa mbele ulifunguka kutoka juu, bomba la jiko likaanguka, na maji yakaingia ndani na kuanza kutoa vitu: stuli, picha ya arusi, magunia ya viazi vya mbegu. Waliokuwa wageni walivua viatu, wakaja kusaidia kubeba. Walikuwa watu wema. Siku ile wote walikuwa watu wema.

Sandalio alilala kwa Baldomero usiku ule, na akaendelea kulala huko mpaka mvua zilipoanza. Wanawake walisema wazee wale hawakuwahi kuizungumzia siku ile, wala gari la maji, wala kondoo. Walicheza karata na kugombana juu ya karata. Lakini hakukuwa na nyumba juu kwenye pampa, na Sandalio alikuwa ameanza kukohoa tangu alipotoka majini. Wezi walipanda na lori, si mikokoteni tena. Kilichowachukua wengine miaka kukinyoa, wao walikinyoa karibu chote katika mwezi mmoja wa ukungu. Jovita akaja kutoka Punta Arenas, mji wa mbali kusini alikoishi, akafunga nguo za baba yake kwenye mfuko, akamchukua.

Mimi niliitwa kwingine. Video ya siku ile ilizunguka sana, na watu wa miji ya mbali walinipigia simu kunipongeza; walipenda hasa pale mzee anapovua kofia. Nilifanya kazi za mito, za mbegu, za ndege wa mabwawa. Zilikuwa kazi nzuri. Lakini nilipokuwa nikikaa jikoni kwa watu, nilianza kuuliza, kabla ya hadithi na nyimbo, ni nani hapa hasemi na nani, na nilipopewa jibu sikujua la kulifanyia.

Nilirudi Pulquín baada ya miaka, na nikapanda hadi kwenye pampa. Nilitegemea kuona uwanda wa matope. Karibu ulikuwa hivyo. Lakini katikati, pamezungushiwa waya, kilibaki kipande kama uwanja wa kanisa, kibichi, kimevimba kwa maji, na kando yake palikuwa na kibanda cha mbao zisizolingana. Baldomero alitoka mlangoni, mkubwa bado, ila amepungua mabega. Alikuwa amezikusanya mbao za nyumba ya Sandalio ufukweni na kuzipandisha kwa maksai wake, safari baada ya safari. Aliishi pale sasa, kiangazi na majira ya mvua. Wezi walikuja mara mbili tatu, akawakalia tu njiani, hakuwaambia kitu, wakaacha kuja.

"Maji yanatosha kijiji?" nilimuuliza.

"Hayatoshi. Kiangazi gari bado linapanda." Akanimiminia maji ya moto kwenye kikombe cha majani machungu ya chai. "Wewe unafika huko Punta Arenas?"

"Mwezi ujao. Kuna kazi."

"Mwambie arudi. Kibanda kinatosha watu wawili."

Nilimkuta Sandalio kwenye kiti karibu na dirisha, nyumbani kwa bintiye, hita ya gesi inavuma, miguu yake iliyovimba imo ndani ya ndala za manyoya za Jovita. Upepo wa kule ulikuwa unatikisa kioo. Alifurahi kuniona. Aliniuliza kama bado natembea na madiwani wangu wa sufu. Tulicheka, na kicheko kikamletea kikohozi kirefu, Jovita akaja kumgonga mgongo. Kilipopita nikamweleza habari za kibanda.

"Anakaa huko peke yake?"

"Peke yake."

"Mjinga yule. Atashikwa na kifua." Akatazama dirishani. Baadaye akasema, "Siku ile nilivaa koti."

"Nilikuona, mzee."

"Nilikuwa naenda."

"Najua."

"Basi, kama unajua."

Nikamwambia maneno ya Baldomero, kwamba arudi, kwamba kibanda kinatosha wawili. Jikoni, Jovita aliacha kuosha vyombo. Ili afike chooni Sandalio alikuwa anashika ukuta. Tulikuwa tumemwona asubuhi ile ile. Alizitazama zile ndala kwa muda mrefu.

"Mwambie kiangazi," alisema.

"Nitamwambia."

"Kiangazi, njia zikikauka."

Niliyapeleka maneno hayo kama yalivyo. Ilikuwa inanyesha nilipofika kwenye pampa, na Baldomero alinipokea koti, akalitundika, akangoja nikae.

"Amesemaje?"

"Amesema kiangazi. Njia zikikauka."

Alinitazama usoni, kwa utulivu, naye hakuwa mtu wa kudanganyika. Mvua ilikuwa inapiga juu ya mabati. Kisha akainuka, akaanza kuhamisha kuni zilizopangwa kando ya ukuta wa pili, mkono kwa mkono, ili papatikane mahali pa kitanda.

"Yeye hulala upande gani?" aliniuliza bila kugeuka. "Wa dirisha au wa mlango?"

Sikujua. "Wa dirisha," nilisema, nikaenda kumsaidia kuhamisha kuni.